Mume Wangu Kaniita Nanga

"Mwambie mumeo apunguze sauti," Mama Pacha alisema, amejaza mlango wangu mzima. "Wanangu wanaamka wakilia. Wanadhani nyumba inaungua."

Nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, upande umesukwa, upande umesimama kama kichaka. Nikamjibu bila kugeuka kwamba mume wangu ana haki ya kuamka kama watu wengine.

"Watu wengine wakiamka wanapiga mswaki. Wako anasimama pale bombani alfajiri, anajipiga kifua, anauliza nani wa kumzuia. Nani amzuie? Ndoo?"

Mteja akacheka, mabega yakamcheza, msuko ukaniponyoka.

"Na wa kwako je?" nikasema. "Si yeye aliyemwambia mwenye friji kwamba friji halijaharibika, linajidharau tu?"

Hilo lilimkaa, maana lilikuwa kweli na mtaa mzima ulikwisha kulicheka. Mumewe ni fundi wa mafriji, na tangu aanze kwenda kwenye mihadhara ya Kocha, mafriji anayatia moyo badala ya gesi.

Mama Pacha akabadili mguu wa kusimamia. Mtu akibadili mguu katikati ya ugomvi, ujue anatafuta jiwe kubwa zaidi.

"Basi tuulizane," akasema. "Huko kwa Kocha nani aliwapeleka? Nani alipita mlango kwa mlango akituhubiria twende tukawashwe moto? Mimi, au Redio?"

Redio ni mimi.

Ninyi mnaonifuata tangu mwanzo mnajua yaliyonipata. Mliochelewa, sogeeni niwape kwa mkato, halafu turudi mlangoni, maana Mama Pacha bado amesimama pale na mkono kiunoni.

Mimi ni msusi. Sebule yangu ndiyo saluni yangu, na haijawahi kukosa watu: wa kusuka, wa kusubiri, na wa kuja tu kusikia nani kamwacha nani. Mume wangu ni dobi wa hospitali, anafua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa. Mtaani wanamwita Kimya. Wenzake wote wamepanda vyeo, yeye kabaki palepale penye pasi, kwa sababu hajui kufungua mdomo akasema, "Na mimi nipo."

Ndipo akaja Kocha. Kazi yake ni kuwatia watu moyo kwa maneno. Alipewa ukumbi wa shule, na mimi nikaujaza, kwa sababu kujaza nyumba nimezaliwa nako. Mume wangu nikamketisha mstari wa mbele, nikakaa ubavuni pake.

Kocha akashuka na kipaza sauti, akamuuliza anaitwa nani. Nikajibu mimi. Akamuuliza anafanya kazi gani. Nikajibu mimi. Akamuuliza ana ndoto gani maishani. Hapo nilisimama kabisa, nikamweleza.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kocha akaninyooshea kidole, akawaambia watu, "Mlikuwa mnaniuliza nanga inafananaje. Hiyo hapo."

Na Kocha ana utaratibu wake. Kila anayejiunga anamtaja mtu mmoja anayemzuia kwenda mbele. Huyo ndiye nanga yake. Anafungwa uzi mwekundu mkononi kwa ajili yake, na tangu siku hiyo hasemi naye. Hamtukani, hamnunii, hamjibu. Anamtabasamia tu. Siku ya kuhitimu anapanda jukwaani, anamtaja mbele ya watu, anakata uzi kwa mkasi, na hapo mambo yao yamekwisha, kila mtu na njia yake.

Mume wangu, kati ya watu wote aliowahi kukutana nao duniani, alinitaja mimi.

Wenzangu, mume anayenuna namwezea. Mume anayefoka ningemwezea pia, ningempata wapi. Lakini anayetabasamu utamfanya nini? Nilijaribu kununa, akatabasamu. Nikajaribu kulia, akaniletea kitambaa, kimepigwa pasi. Tulikuwa na kawaida ya kukunja mashuka ya nyumbani pamoja, yeye pembe hizi, mimi pembe zile. Siku hizi anakunja peke yake. Anabana katikati ya shuka kwa kidevu, anasaidiwa na ukuta.

Sasa turudi mlangoni.

Nilimwambia Mama Pacha kwamba ndiyo, ni mimi niliyewapeleka, na kama anataka kunipiga anipige, ila aniache kwanza nimalize kichwa cha watu. Nadhani sauti yangu ilivunjika mahali, kwa sababu aliutoa mkono kiunoni.

"Sikuja kukupiga, dada," akasema. "Nilidhani leo utaongea naye vizuri, kwa kuwa kesho ndiyo kesho."

"Kesho kuna nini?"

Akamtazama mteja. Mteja akatazama chini. Kumbe hata mteja alijua.

"Kesho alasiri ni siku ya mkasi," Mama Pacha akasema. "Hujaambiwa?"

Nani wa kuniambia? Mtu wangu hasemi na mimi. Na mtaa uliozoea kusikia habari kwangu, habari yangu mwenyewe uliificha. Mimi, ambaye mimba za watu nazijua kabla ya wenye mimba.

Nikamuuliza kama na mumewe anakata. Akasema anakata, lakini wake alimtaja kaka yake, na huyo kaka yuko mbali, hana habari, anaendelea kula na kulala. Halafu akasogea karibu, akanishika mkono uliokuwa na chanuo.

"Kuna jingine. Kimya amemwomba mume wangu mkokoteni. Wa keshokutwa asubuhi. Kasema ana vitu vya kuhamisha."

Sikumbuki nilivyomaliza kile kichwa. Mteja hajarudi tena, kwa hiyo nadhani sikukimaliza vizuri.

Nilijifunga kanga, nikaenda hospitalini. Nilitaka nimkute kazini, mbele ya watu, mahali ambapo hata mtu mwenye uzi mkononi ataona haya kumtabasamia mkewe kama sanamu. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika nilikuwa nayo mengi, ya kumkanya, ya kumbembeleza, na mengine ya akiba.

Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, kina mvuke kama jikoni kwenye harusi. Wanawake walikuwa wanakunja mashuka wawili wawili, wanaendeana, wanakutana, wanarudi nyuma, kama watu wanaocheza ngoma isiyo na mpigaji. Nikasalimia, nikauliza Kimya yuko wapi.

Wakatazamana. Mmoja akasema hapo hawana mtu wa jina hilo.

Nikamweleza. Mrefu, ameinama kidogo, hasemi.

"Hasemi?" akauliza mwingine, mnene, mwenye kitambaa cha bluu kichwani. "Mrefu aliyeinama tunaye mmoja tu, lakini huyo tunamwita Vichekesho."

Nikasema basi siye. Lakini walikwisha kuanza kucheka kwa kumkumbuka tu. Wakanihadithia anavyoiga mwendo wa daktari mkuu akitafuta miwani iliyo usoni pake. Wakanihadithia jinsi juma lililopita alivyoingia ofisini kwa msimamizi, akasema nafasi ya mkuu wa chumba cha kufulia iko wazi na anaitaka, na akatoka nayo. Siku hiyo walimbeba juu juu.

"Ana uzi mwekundu mkononi," nikasema.

"Huyohuyo."

Cheo nilichomwombea usiku na mchana alikuwa nacho tangu juma lililopita. Na mimi nimekaa naye nyumba moja, nampakulia, namfulia, siambiwi. Na vichekesho? Tangu nimwoe, au tuseme tangu anioe, maana mtaani wanasema mimi ndiye niliyeoa, sijawahi kumsikia akitoa kichekesho hata cha bahati mbaya.

Yule wa kitambaa cha bluu akaniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia.

Mashuka yakasimama.

"Shemeji," akasema, na nilimwona anatafuta njia ya kulisema. "Kumbe upo. Usituchukie. Hakusema kitu kibaya, sisi tu tulidhani amefiwa na mke. Hakuwa akikutaja."

Nikacheka. Mdomo wangu ukikosa la kufanya hucheka. Wakanionea huruma, na hakuna kitu kinachonimaliza kama kuonewa huruma na watu ambao bado sijajua siri zao. Nikaomba kazi ya kufanya wakati namsubiri. Wa bluu akanipa pembe mbili za shuka.

Nikakunja kama ninavyokunja siku zote. Nikavuta. Shuka likamtoka mikononi, likaanguka sakafuni.

"Usivute, shemeji," akasema, akiokota. "Vichekesho katufundisha. Anasema shuka halivutwi, linafuatwa. Mwangalie mwenzako anakwenda wapi, uende naye."

Miaka yote tuliyokunja pamoja nilivuta. Na miaka yote alipoangusha, nilimwambia ana mikono ya siagi, akaokota.

Nikauliza atarudi saa ngapi. Wakasema harudi, ameondoka mapema, kasema ana ugeni nyumbani. Ugeni gani, na mwenye nyumba mimi sina habari? Nikajua hiyo ni ruhusa ya uongo, yuko ukumbini kwa Kocha anajiandaa na mkasi wake. Nikawaaga. Wa bluu akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishika bega, akasema nisimlaumu mtu aliyechelewa kuchangamka. Nikamwambia simlaumu. Yale maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, nilipoyatafuta, sikuliona hata moja.

Ukumbini sikumkuta mume wangu. Nilimkuta Kocha, peke yake, anapanga viti vya plastiki.

Nilikuwa sijawahi kumwona bila kipaza sauti. Ni mtu mdogo. Alikuwa amevua koti, ana chupa ya maji ya moto anayoyanywa kwa kuyapuliza, na sauti yake, ile inayotikisa mabati, ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki mkwaruzo. Kila akipanga kiti anakisogeza kidogo, anarudi nyuma, anakitazama.

Nikaanza kumsaidia, maana siwezi kuona viti vinapangwa nikakaa. Tukapanga mstari mzima. Halafu nikamwambia nimekuja kumwomba mume wangu.

Akasema mume wangu hayuko mfukoni mwake.

Nikamwambia asinichezee. Nikamkumbusha nani alimjazia ukumbi siku ya kwanza, alipokuja na hakuna anayemjua hata kwa sura. Nani alipiga makofi kwanza wengine wakafuata. Nani alilia pale alipotaka watu walie. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yote hayo ni kweli na anashukuru.

"Lakini nikuulize, mama. Mumeo tangu afungwe uzi, yuko vizuri au yuko vibaya?"

Nikamfikiria Vichekesho akiiga mwendo wa daktari. Nikafikiria wanawake wanambeba juu juu. Ningependa kuwaambia kwamba nilimdanganya Kocha. Sikuweza.

"Yuko vizuri," nikasema.

"Basi unataka nimwambie nini?"

 Nikamjibu kwa swali. Nikamuuliza yeye nanga yake ni nani.

Akapuliza maji yake.

"Mimi nilikata zamani."

"Nani?"

"Mama yangu mzazi."

"Anaendeleaje?"

Akanywa funda, akafunga chupa, akaifungua tena.

"Sijui," akasema.

Tulikaa kwenye viti vya mstari wa mbele, yeye cha kwake na mimi kilekile nilichokalia siku ile ya kicheko. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Mtu asiyejua habari za mama yake utamchukia vipi? Labda na yeye aliliona hilo usoni kwangu, kwa sababu aliongea tena bila kuulizwa, kwa ule mkwaruzo.

Alisema uzi ni wa mume wangu na mkono ni wa mume wangu, hawezi kuushika. Lakini mtu akihitimu huwa anamsikiliza Kocha neno la mwisho kabla ya kupanda jukwaani. Anaweza kumwambia asikate. Anaweza kumwambia nanga imejifungua yenyewe.

"Kwa masharti," nikasema, maana nimeishi mjini.

"Kwa sharti moja. Mpe nafasi asikie sauti yake ndani ya nyumba yake. Kuanzia sasa mpaka kesho watu watoke humu, usiseme hata neno moja mbele yake. Akiuliza, usijibu. Watu wakikuchokoza, usijibu. Ukiweza, namwambia asikate. Ukisema neno, hata liwe neno zuri, mkasi nitampa mimi kwa mkono wangu."

Nikamuuliza, hata salamu?

"Hata salamu."

Nikafikiria. Mume mwenyewe hasemi na mimi. Ataniuliza nini mtu wa kutabasamu tu? Nikiingia nyumbani nitajifanya naumwa kichwa, nitalala, kesho nitashinda kwa Mama Pacha, jioni uzi uko mkononi na mkokoteni unabaki kwa wenyewe. Ilionekana rahisi. Mambo yote yaliyowahi kunivunja yalianza kwa kuonekana rahisi.

Nikasema nimekubali. Kocha akainuka, akavaa koti, akasema jioni ile wahitimu wanamwalika chakula, ni desturi yao siku moja kabla ya mkasi, hawezi kuchelewa. Sikumuuliza wanamwalikia wapi. Redio nzima, sikuuliza.

Njiani nilifanya mazoezi. Nikaona mtu hafanyi mtihani bila kujaribu, kwa hiyo nikaanza kunyamaza na watu ambao hata hawakuhusika. Muuza mboga akanisalimia, nikamwitikia kwa kichwa. Akaniita tena. Nikaonyesha mdomo. Akasema pole, jino hilo, weka karafuu. Fundi viatu akaniuliza kama ni kweli wanayosema kuhusu binti wa mwenye nyumba wao. Ni kweli, na ninayo yote, tangu mwanzo hadi jana. Nilimeza. Niliyasikia yanashuka kooni kama kidonge bila maji.

Nilipofika kona ya kwetu habari zilikuwa zimenitangulia kwamba Redio imekufa betri.

Mama Pacha alikuwa amesimama njiani, ananisubiri kwa hasira mpya.

"Kwa hiyo umefanya karamu hukuniambia," akasema. "Nimekuja asubuhi nimekupa siri zote, umeniacha nje nanusa mchuzi?"

Mume wangu hakuwa mbele yangu, ningeweza kumjibu. Lakini macho yangu yalikuwa yamenasa mlangoni kwangu. Viatu. Viatu vya watu vimejaa kizingitini pangu, vya kiume na vya kike, vimepangwa viwili viwili kwa unadhifu ambao si wa nyumba yangu. Na ukutani, umeegemezwa mikono juu, ulikuwa mkokoteni wa fundi friji. Umeletwa kabla ya siku yake.

Nikasogea mpaka mlangoni.

Sebule ilikuwa imejaa. Maisha yangu yote nimeitaka sebule ijae, na nathubutu kusema haijawahi kujaa vile. Wahitimu wote walikuwepo, kila mmoja na uzi wake mkononi, fundi friji katikati yao. Kioo changu cha saluni kimegeuzwa ukutani. Meza ambayo mimi huweka mafuta na machanuo ilikuwa imetandikwa shuka jeupe, mistari ya pasi inaonekana, na juu yake chakula. Na kwenye kiti changu, kile ninachokalia kusukia, amekaa Kocha.

Kocha akaniona. Hakusalimia. Aliweka tu kijiko chini.

Mume wangu alikuwa anapakua, na alikuwa anaongea. Nilisimama pale mlangoni nikamsikiliza, kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Alikuwa anawahadithia habari ya shuka lililomfuata mgonjwa nyumbani. Alitoa sauti ya mgonjwa, akatoa sauti ya mke wa mgonjwa, akatoa hata sauti ya shuka. Watu wakashika mbavu. Ilichekesha. Nawaambia kweli, ilichekesha, na nilibana midomo kwa vidole nisicheke nikavunja sharti.

Ndipo akageuka, upawa mkononi.

Nilisubiri tabasamu. Nilikwisha kulizoea, nilikuwa tayari kulipita kama mtu anavyompita mlinzi. Halikuja. Uso wake ulikuwa mtupu, kama siku ya kwanza nilipomwona, alipokuja kwa wazazi wangu akakaa jioni nzima na mimi nikamwongelea.

"Mwenzangu," akasema.

 Uzi ule ulikuwa bado mkononi mwake na alikuwa anasema na mimi.

"Nimeomba ruhusa kwao wote niseme na wewe leo, kabla ya kesho," akasema. Sauti ilikuwa yake, ya siku zote, haina kifua wala bomba. "Kuna jambo sijawahi kukuuliza. Sikuwahi kupata nafasi. Nikuulize?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimeomba mkokoteni. Vitu vyangu si vingi. Lakini leo nilipokuwa natandika meza hii nimetafuta wa kushika upande wa pili wa shuka." Akauweka upawa mezani. "Mimi nimejua kusema. Sasa nataka nikusikie wewe, unavyosema ukiwa umeulizwa. Nibaki, au niende?"

Wahitimu wote wakanigeukia. Fundi friji alikuwa ameshika tonge, halipandi wala halishuki.

Nikamtazama Kocha. Nilimwomba kwa macho, kwa kope, kwa kila kitu ambacho si mdomo. Neno moja tu. Aniruhusu neno moja, na lile neno ni fupi. Kocha alinitazama kitambo, kisha akainamia sahani yake, akaanza kuchambua mifupa ambayo haikuwepo.

"Ukisema nibaki, nitaufungua huu uzi hapahapa na kesho siendi," mume wangu akasema. "Ukisema niende, nitashukuru. Ila usininyamazie. Wewe ukininyamazia, nitajua umechoka kweli, maana hujawahi kumnyamazia mtu yeyote."

Kama namjibu, nimevunja ahadi niliyoitoa kwa mdomo wangu na Kocha atampa mkasi, naye neno la mwisho husikiliza la Kocha, si langu. Kama simjibu, mkokoteni uko ukutani. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikaufungua tena, na nyuma yangu nikamsikia Mama Pacha ananong'ona, "Sema basi, dada, umepatwa na nini?"

Mume wangu alingoja. Aliningoja kuliko mtu yeyote alivyowahi kuningoja. Halafu mabega yake yakashuka kidogo, yakarudi kwenye ule mwinamo wake wa zamani, na tabasamu likaja, taratibu, likakaa mahali pake.

Akachukua sahani safi. Akaifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na kitu. Akavuta kiti cha wageni, kile cha karibu na mlango, akaniwekea sahani hapo kama anavyowekewa mtu aliyetoka mbali na atakayeondoka.

"Karibu, mgeni," akaniambia. "Usisimame mlangoni. Ingia ule."